Wimbo wa mashujaa hauwalizi watu kwa sababu tu ni wa polepole

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Bendi yetu ya matarumbeta imeombwa kupiga wimbo mpya kwenye kumbukumbu ya wanajeshi waliokufa vitani, na kazi ya kuutunga nimepewa mimi. Nimeutunga katika maina, ile ngazi ya sauti yenye huzuni, tromboni zote zinaunguruma, matoazi yapo, ngoma kubwa ipo. Wenzangu wanasema hauwagusi. Nipunguze mwendo zaidi?
– Mpiga yufoniamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwendo uache ulivyo. Wimbo wa gwaride ukiuvuta polepole unabaki kuwa wa gwaride, ila umechoka. Na hiyo maina usiitegemee sana.

Isikilize Last Post. Ilianza kama mlio wa kambini katika jeshi la Uingereza, wa kutangaza kwamba siku imekwisha. Parapanda ya kijeshi haina vali, vile vitufe vya kubadilisha sauti. Mpulizaji anapata sauti chache tu, kwa midomo na pumzi, na zote ni za kodi (sauti zinazopatana zikilia pamoja) ya meja, ile ngazi ya uchangamfu, kinyume cha maina. Taps, mlio wa namna hiyo wa jeshi la Marekani, iliyopangwa na Jenerali Daniel Butterfield mwaka 1862 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ina noti 24 kutoka sauti nne tu, nazo ni meja tupu. Bado watu wazima hutokwa na machozi. Kinachowaliza ni mtu mmoja aliyesimama peke yake, na nafasi anazoziacha kati ya noti na noti. Wewe umezijaza nafasi zote.

Pale Ypres, Ubelgiji, kwenye lango la Menin, ukumbusho wa askari wa Vita Kuu ya Kwanza, Last Post hupigwa kila jioni saa mbili. Desturi hiyo ilianza mwaka 1928, ikakatizwa na Wajerumani walipoukalia mji katika Vita Kuu ya Pili, ikarudi mwaka 1944. Kwenye kuta zake yamechongwa majina zaidi ya 54,000 ya askari ambao makaburi yao hayajulikani. Mimi nikitunga wimbo wa namna hii huwafikiria hao kwanza, na mkono wenyewe huanza kufuta noti.

Kwa hiyo toa matoazi. Ngoma ifunike kitambaa cheusi kama ilivyo desturi ya mazishi ya kijeshi. Kitambaa hicho pia huifanya isikike kama inatoka mbali. Melodia ichukue wewe mwenyewe, maana yufoniamu ina sauti ya mviringo, inakaribia ya mtu anayeimba. Tromboni zikae chini, kimya kimya, zipokezane pumzi ili kodi isikatike. Koneti zisubiri. Kishindo ruhusa, kwa sababu mashujaa wanastahili utukufu, lakini kiwe kimoja, mistari michache, kisha bendi nzima inyamaze ghafla na koneti moja tu ijibu kutoka nyuma ya watu.

Huyo wa koneti mtunze. Kama atapiga baada ya dakika mbili za ukimya, chombo kitakuwa kimepoa na noti yake ya kwanza itashuka. Apulize hewa ya joto ndani, bila sauti, mpaka zamu yake ifike.

Ukishaurekebisha, nitumie kwanza sehemu ya tuba. Hapo ndipo watunzi wengi hushindwa kunyamaza.