Trauti na Maji ya Joto: Maswali Yenu

Nimesikia trauti, wale samaki wa maji baridi, wa mtoni huvumilia joto kuliko wa kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki. Nikavue wa mtoni nianzie hao? (Mfugaji, Nyeri)

Usijisumbue, ndugu yangu. Huyo wa mtoni naye babu zake walikuja kwa meli. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905, yakatiwa Mto Gura kule Aberdare. Wazungu walitaka samaki wa kuvua kwa starehe, basi.

La kuuliza ni ukoo wake umepitia maji gani. Kusini-mashariki mwa Oregon, Marekani, kuna trauti wa porini wanaoishi kwenye vijito vya nyikani ambavyo wakati wa kiangazi huzidi nyuzi 25. Lakini Pemberton, Australia Magharibi, ni samaki wa kituoni waliozaliana vizazi na vizazi kwenye maji yenye joto. Dhaifu wakafa, wakabaki sugu. Kwa hiyo "wa porini" na "wa kituoni" peke yake hakukuambii kitu.

Ila wa mtoni ana nafasi ya kukimbia. Joto likizidi hujibanza kivulini au mahali chemchemi inapobubujika. Wako wa bwawani akimbilie wapi?

Maji yangu hufika nyuzi 21 saa nane mchana. Watakufa?

Kwa saa chache, hapana, mradi usiku yapoe. Trauti hustawi kwenye nyuzi 12 hadi 16. Kuanzia 20 huishi kwa taabu, na 25 ni balaa. Mara nyingi kinachotangulia kuwaua ni kukosa hewa. Usawa wa bahari, lita ya maji ya nyuzi 10 hubeba miligramu 11 hivi za oksijeni. Ya nyuzi 20 hubeba 9, na hapo ndipo samaki anahema zaidi. Ukiwa mita 2,000, punguza tena karibu moja ya tano. Mlima hukupa baridi, ukakunyima hewa! Yaache maji yadondoke kwenye mawe kabla ya kuingia bwawani.

Niwaongezee chakula wapate nguvu?

La. Kusaga chakula nako kunataka oksijeni. Walishe asubuhi mapema; siku ya joto kali, waache na njaa.

Vifaranga wakifika niwamwage tu?

Acha mfuko wao uelee bwawani nusu saa, ukiongeza maji ya bwawa kidogo kidogo. Na mwambie dereva asije saa saba mchana.