Masanduku ya bahati kwenye simu

SWALI: Mwanangu wa miaka 10 hucheza mchezo wa simu unaouza masanduku ambayo hulipiwa kabla ya kujua kilichomo. Je, hiyo si kamari? Mama, Morogoro.

JIBU: Wasiwasi wako ni wa haki, mama, kwani mwaka 2018 Tume ya Kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya kulipia ya namna hiyo yanavunja sheria ya kamari. Kwenye mipangilio ya Play Store, agiza kila ununuzi udai nywila, na namba yako ya siri ya pesa za simu asiijue kamwe. Kisha keti naye akicheza, umwonyeshe jinsi sanduku linavyomeremeta kabla ya kufunguka, mbinu ya kumfanya mchezaji atamani jingine. Tafadhali usimpokonye simu kwa hasira, kwa kuwa atahamia kwenye simu ya mwenzake, usikomwona.