Mama akitoka hospitali baada ya upasuaji wa nyonga

Dada yangu, umeuliza kama mama yako, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, arudi moja kwa moja kwenu ghorofa ya nne, mtaa wa Umoja jijini Nairobi, au apitie kwanza kituo cha uuguzi. Kwa kuwa bado hawezi kupanda ngazi na kidonda kinahitaji mikono yenye ujuzi, mimi ningechagua kituo kwa wiki chache, mradi uhakikishe kwamba wauguzi wana leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya na kwamba atafanyishwa mazoezi ya viungo. Tafadhali, msiondoke wodini bila orodha ya dawa iliyoandikwa, hasa ya kuzuia damu kuganda. Mguu ukivimba au akikosa pumzi ghafla, mrudisheni hospitali usiku huohuo.