Kiurdu si mapenzi na mvinyo tu

Ndugu, hapo kwenye "ushairi wa Kiurdu ni mapenzi na mvinyo tu" umeteleza. Chukua shairi "Hum Dekhenge" (yaani "tutaona") la mshairi wa Pakistani Faiz Ahmed Faiz, 1979, nchi ikiwa chini ya utawala wa kijeshi wa Jenerali Zia. Mwaka 1986, Faiz keshafariki, mwimbaji Iqbal Bano akaliimba Lahore, Pakistani, amevaa sari nyeusi kama ishara ya kupinga utawala huo. Ukumbi mzima ukapiga kelele za "mapinduzi yadumu". Desemba 2019 wanafunzi wa Kanpur, India, wakaliimba kuwaunga mkono wenzao wa Jamia, chuo kikuu cha Delhi ambako polisi waliwavamia wanafunzi waandamanaji; chuo cha Kanpur kikaunda kamati ya kuchunguza tukio hilo la kuimba. Shairi lilikuwa na miaka 40, bado likaundiwa kamati! Na huyo "mpenzi" unayemwona kwa Faiz, mara nyingi ni nchi yenyewe. Ukimaliza hapo, mtafute Kishwar Naheed, mshairi mwanamke wa Kiurdu.