Lagrein: chagua chupa sahihi, punguza ukakasi

Wengi huonja Lagrein, mvinyo wa Italia, mara moja tu, wakaiacha kwa sababu ya ukakasi. Ni hasara, kwa kuwa zabibu hii nyekundu ya bonde la Bolzano, chini ya milima ya Alps kaskazini mwa Italia, ina mengi ya kutoa ikiandaliwa vizuri. Ni mtoto wa Teroldego, zabibu ya Trentino jirani, na rangi yake imekolea hata ulimi hubaki kama umekula zambarau.

Anza na lebo. Mkoa hutumia Kijerumani na Kiitaliano, kwa hiyo utaona Südtirol au Alto Adige. Ni mahali pamoja. Dunkel au Scuro ni mvinyo mwekundu mzito. Kretzer au Rosato ni wa waridi: maganda hayakai sana na maji ya zabibu, ndiyo maana ni mwepesi. Ukiona jina Gries, mtaa wa Bolzano, chukua bila kusita. Udongo wa pale uliletwa na mito, na bonde hushika joto sana kiangazi. Lagrein huchelewa kuiva. Ikipandwa penye baridi, uchungu wa ubichi hubaki. Tena maua yake hupukutika ovyo mvua ikinyesha wakati wa kuchanua, vichala vikatoka na mapengo.

Riserva, yaani ile iliyokomazwa muda mrefu zaidi kabla ya kuuzwa, usiinunue kwa ajili ya leo usiku. Iache hadi itimize kama miaka 5 tangu mavuno. Ya kawaida hunyweka ikiwa na miaka 2 au 3.

Joto ndilo huharibu zaidi. Lenga nyuzi 16 hadi 18. Ikitoka friji moja kwa moja, ukakasi huzidi; ikiachwa mezani Dar au Mombasa, pombe hupanda puani na matunda hupotea. Iweke friji hadi ifikie nyuzi hizo tu. Kisha imimine kwenye jagi pana, ikae saa 1. Kung'oa kizibo peke yake hakusaidii, shingo ya chupa ni nyembamba mno kupitisha hewa ya maana.

Mezani iandae na vyakula vyenye mafuta na chumvi: nyama ya paa, jibini iliyokomaa, au speck, paja la nguruwe la moshi la huko huko. Samaki mpe Kretzer, kwani nyekundu huacha ladha ya chuma mdomoni. Pilipili kali iepuke.

Ikibaki, funga kizibo, rudisha friji. Siku ya pili Lagrein changa mara nyingi huwa laini zaidi. Ya tatu imalize.