Nondo za Roshani na Boriti ya Kwenye Skrini

SWALI: Ninafundisha usanifu wa miundo kwa wanafunzi wa stashahada ya uhandisi ujenzi. Mwaka huu tumeanza kutumia kurasa za mtandaoni ambamo mwanafunzi hubadilisha urefu wa boriti au mzigo wake, na mchoro wa momenti (jinsi mzigo unavyoipinda boriti) ukabadilika papo hapo. Wanazipenda, lakini kwenye mtihani wengi bado wanalaza nondo kuu za roshani upande wa chini. Je, tuendelee nazo, au turudi kwenye ubao na chaki?
Mwalimu wa chuo, Mbeya

JIBU: Mwalimu, usiziache. Kasoro ninayoiona ipo kwenye mpangilio wa kipindi, kwa kuwa mwanafunzi anaonyeshwa jibu kabla hajalazimika kulikisia. Agiza kila mmoja achore kwanza kwa penseli umbo analolitarajia, aandike na upande atakaolaza nondo, ndipo aguse skrini.

Anza na boriti ya mita 6 iliyoegemea nguzo mbili, yenye mzigo wa kilonyutoni 10 kwa kila mita. Momenti kubwa kuliko zote ipo katikati, nayo ni kilonyutoni-mita 45, hesabu ambayo wanafunzi waihakiki kwa mkono: 10 × 6² ÷ 8. Sasa wairefushe ipite nguzo moja kwa mita 2, kama roshani ilivyo, kwa mzigo uleule wa kila mita. Juu ya nguzo hiyo momenti inageuka upande na kufikia 20, ilhali ile kubwa zaidi kati ya nguzo mbili inashuka hadi takriban 35.6. Wengi hushangaa kwamba mzigo ulioongezwa nje umeipunguzia boriti kazi katikati, na ningekuomba usikimbilie hatua inayofuata. Waegemeze rula ya plastiki kwenye vifutio viwili, mmoja aishikilie ncha ya ndani, mwingine abonyeze ile inayoning'inia. Watauona uso wa juu ukivutwa pale penye kifutio. Na kwa kuwa zege ni dhaifu sana linapovutwa, nondo kuu lazima zipande juu. Fundi anayezilaza chini ameliacha zege peke yake mahali hasa linapopasuka.

Kipindi kingine, irudieni boriti ya kwanza na kuirefusha hadi mita 12 bila kubadilisha unene wake. Momenti itaongezeka mara 4, lakini kunepa kwake kutaongezeka mara 16.