Jibu: koti la babu lenye lebo ya Montague Burton

Habari mkuu. Umeuliza koti la marehemu babu yako aliyekuwa baharia, lenye lebo ya "Montague Burton, The Tailor of Taste", ni la miaka gani na kama kampuni bado ipo.

Kwanza geuza mfuko wa ndani wa kifuani. Langu nililolipata mtumbani lilikuwa na kitambaa kidogo humo, jina la mteja na tarehe kwa wino uliofifia, maana hizi zilikuwa suti za kupimwa, ulikuwa unapimwa dukani, vipimo vinapelekwa kiwandani Leeds, Uingereza, unashonewa. Halafu tafuta alama ya CC41, alama ya serikali ya Uingereza kwenye nguo za mpango wa "Utility" ulioanza wakati wa vita, ukiiona basi ni la kati ya 1941 na 1952.

Burton mwenyewe nampenda sana, kijana wa Kiyahudi kutoka Lithuania, jina la kuzaliwa Meshe David Osinsky, kaingia Uingereza 1900 akiwa na miaka 15 tu, kaanza na kiduka Chesterfield mpaka kiwanda chake cha Hudson Road, Leeds, kikafika wafanyakazi 10,000 hivi! Vita ya Pili ya Dunia ilipoisha askari waliorudi uraiani walipewa suti, na karibu theluthi moja zilitoka kwake. Alifariki 1952.

Maduka hayapo tena. Kampuni mama, Arcadia, ilianguka 2020, mwaka uliofuata Boohoo, kampuni ya kuuza nguo mtandaoni, wakanunua jina tu bila maduka. Kwa hiyo usipoteze muda kuulizia dukani, weka picha ya lebo na ya huo mfuko hapa tuangalie.